Binti yangu ni hakimu, nami mahakama nimeichoka

Shangazi, assalaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Nkuhungu, hapa Dodoma. Asili yetu ni Kondoa, lakini mjini nimekaa tangu enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimeshika chaki Bahi, nikashika Mpwapwa, nikamalizia hapa. Naandika kwa sababu nyumbani hapakaliki. Mama watoto amesema nisipotafuta mtu wa kunieleza atawaita wazee yeye mwenyewe, na wazee wakija najua nitakayekalishwa mkekani ni mimi.

Mambo yalianza na mirathi. Marehemu kaka yangu aliacha nyumba Kizota na shamba la zabibu Hombolo. Arobaini haijafika, mke wake mdogo akawa ameshakwenda Mahakama ya Mwanzo na ameshateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Wanasema tangazo lilibandikwa. Mimi sikuliona, na watoto wa mke mkubwa hawakuliona. Nikaweka pingamizi, na hapo ndipo nilipoijua mahakama. Leo hakimu yuko semina. Ukirudi, ana udhuru. Ukirudi tena, wazee wa baraza hawajatimia. Unapanda daladala, unakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, saa sita karani anatoka na daftari anawasomea tarehe mpya kama anayesoma majina ya wanafunzi watoro. Mwisho wa yote nikashindwa. Nikakata rufaa Mahakama ya Wilaya, nikashindwa tena. Sasa rufaa yangu iko Mahakama Kuu, nasubiri kuitwa.

Aprili 2025 Rais akaja kuzindua jengo la Makao Makuu ya Mahakama pale Tambukareli, pamoja na nyumba 48 za majaji. Jengo kila apitaye analiona. Nyumba nilikwenda kuziona kwa macho yangu, nikapanda bodaboda hadi Iyumbu. Nikasimama kando ya barabara nikapiga picha, nikaiweka status: "Haya ndiyo machozi ya warithi." Nikaituma na kwenye kundi la ukoo. Watu wakanipongeza.

Tangu hapo sijanyamaza. Kijiweni Majengo sasa wananiita Wakili. Nasema yaliyo kweli: jaji ana nyumba, ana shangingi na dereva, ana mlinzi getini, ana mshahara ambao Katiba inakataza usipunguzwe, na akistaafu analipwa mpaka anaingia kaburini. Kumfukuza huwezi. Ukimsema unaambiwa umeidharau mahakama. Mimi niliyewafundisha kusoma na kuandika hao ambao leo ni mawakili, kiinua mgongo changu kiliishia kwenye bati na madirisha.

Sasa tatizo. Binti yangu wa kwanza ni hakimu mkazi katika wilaya moja ya mkoa wa Singida. Nilimsomesha mwenyewe, hana deni la mtu. Alipoona ile picha alinipigia: "Baba, naomba ufute." Nikamuuliza neno gani hapo ni uongo. Akasema, "Baba, watu wanajua wewe ni baba yangu." Nikamjibu kwamba mahakama haikumzaa. Akakata simu. Idd hakuja, mara ya kwanza tangu aajiriwe. Hela ya sikukuu ameituma kwenye simu ya mama yake, kwangu hakutuma hata salamu. Wadogo zake wamegawanyika, mmoja ananiambia nimemwaibisha dada yao kazini.

Naomba uniambie ukweli bila kunionea haya. Jaji ni nani hata asisemwe? Mbunge tunamsema, waziri tunamsema, Rais tunamsema kwa adabu. Na mtoto niliyemlea mimi ana haki gani ya kunifunga mdomo kwa sababu ya wakubwa zake wa kazi?

Wako,
Mwalimu wa Nkuhungu

Nimesahau jambo. Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, anasema binti alisoma chuo na kijana ambaye sasa ni msaidizi wa jaji pale Mahakama Kuu. Tulimwomba mama yake amwambie azungumze na huyo mwenzake ili faili letu lisilaliwe. Si rushwa, ni kumkumbusha tu mhusika. Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya Idd. Hajajibu.

*

Waaleikum salaam, Mwalimu. Unaniita Shangazi, lakini kwa hesabu za ajira yako naona aliyepaswa kuamkia ni mimi. Shikamoo.

Nitaanza na hayo uliyoyaandika chini ya jina lako, kwa sababu umeyatupa huko kama jambo dogo na mimi naona ndiyo barua yenyewe. Hebu zipange siku zako vizuri. Picha uliiweka, binti akapiga simu, mkajibizana, akakata. Mtoto aliyekasirika na baba yake hufanya hivyo, kisha sikukuu ikifika anapanda basi anakuja na kitenge cha mama. Wiki moja kabla ya Idd mkampelekea ujumbe wa faili. Baada ya ujumbe huo ndipo hakuja. Status angekusamehe, Mwalimu.

Nilikaa masjala ya mahakama miaka mingi kabla ya kuanza safu hii, ndiyo maana barua yako wamenipa mimi. Nikueleze kitu nilichokiona katika Mahakama ya Mwanzo moja ya mkoa huu. Mama mmoja alikuwa na shauri la mbuzi walioingia shambani kwa jirani. Siku moja kabla ya hukumu alifika asubuhi na mapema na jogoo amefungwa miguu kwa kamba ya katani, akamweka kwenye ngazi ya nyumba aliyopanga hakimu, akaondoka bila kusema neno. Hakimu alikuwa kijana, na mshahara wake haukuwa wa kuchekesha mtu. Akaniita, akanikabidhi yule jogoo, akaniambia nimrudishe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji ili pawe na shahidi. Tulipomfikishia, yule mama alilia kilio cha msiba. Kwa akili yake, kurudishwa jogoo maana yake jirani ameleta mbuzi mzima. Kesho yake alishinda. Alishinda kwa sababu jirani hakuwa na ushahidi, lakini mpaka leo sidhani kama anaamini.

Yule mama hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya kile ambacho wewe na shemeji yako mmefanya, tofauti ni kwamba jogoo wenu ni binti yenu. Kanuni za maadili ya maafisa wa mahakama za 2020 zinamkataza kutumia wadhifa wake kwa manufaa ya ndugu zake, na hapa ndugu ni baba mzazi mwenye rufaa. Akipiga simu hiyo moja tu na ikajulikana, Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo ndiyo mamlaka yake ya nidhamu, haitauliza kama alikumbusha au aliomba. Na ungesikia wewe kwamba mke mdogo wa marehemu ana mpwa wake masjala naye "amekumbusha tu" mtu, si ungeandika status yenye herufi kubwa kuliko ile ya Iyumbu?

Huyo mtoto hajakununia. Ameogopa simu yako.

Sasa nije kwenye swali lako, maana ni swali halali. Jaji anasemwa. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa maoni na haikumtoa jaji. Tena wanaomsema jaji kwa maneno makali kuliko wote ni majaji wenzake. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, zimewekwa bure, usome Mahakama ya Rufani inavyomfumua jaji wa Mahakama Kuu: hapa alikosea kutafsiri sheria, hapa alipokea ushahidi usiostahili, hapa alijitungia hoja ambayo wahusika hawakuzungumzia. Hakuna anayekamatwa. Wanamsema kwa alichoandika, ukurasa na aya.

Tatizo lako liko kwingine. Una rufaa inayosubiri kusikilizwa. Kanuni ya Adhabu ina kosa la kuidharau mahakama, na mojawapo ya sura zake ni kuchapisha maneno ya kuharibu mwenendo wa shauri lililo mahakamani au ya kumshushia hadhi anayelisikiliza. Kundi la ukoo lenye watu wengi, wakiwemo wa upande wa mke mdogo, usilihesabu kuwa ni sebuleni kwako. Sisemi utashtakiwa. Nasema wakili wa upande wa pili akitaka kukuonyesha kuwa mtu wa fujo, kazi umemrahisishia. Rufaa ikiisha, hukumu ikatoka, iandike uipinge kila aya, mimi nitakusomea.

Hizo nyumba za Iyumbu sasa. Mwalimu, umeorodhesha starehe za jaji na karibu zote umepatia. Mishahara yao inatoka Mfuko Mkuu wa Hazina na Ibara ya 142 inazuia masharti yao yasibadilishwe kwa kuwapunguzia. Wana sheria yao ya mwaka 2007 inayohusu maslahi na mafao yao peke yake. Kuondolewa kazini wanaweza kuondolewa, ila Rais lazima kwanza aunde tume, ambayo mwenyekiti wake na angalau nusu ya wajumbe wengine ni majaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, ndivyo Ibara ya 110A inavyosema. Kwa mwalimu aliyewahi kuhamishwa kwa barua ya mistari miwili, haya yanaudhi. Nakuelewa.

Lakini uliza vilinunua nini. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu hii hii ya Dodoma ambako jalada lako limelala, zilitoka hukumu mbili ambazo wanafunzi wa sheria wanazisoma mpaka leo. Jaji James Mwalusanya alikuwa na kesi ya mauaji ya Mbushuu na mwenzake. Akatamka kuwa adhabu ya kifo ni ya kikatili na inakwenda kinyume cha Katiba. Fikiria ujasiri huo katika nchi ambayo wauaji wakitajwa watu wanadai wanyongwe hadharani. Mahakama ya Rufani ilimpindua mwaka 1995. Nayo ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, ikasema tu kwamba Katiba yenyewe imeacha nafasi ya kuiruhusu. Mwaka huo huo wa 1994, Jaji Kahwa Lugakingira alikaa hapa hapa kusikiliza kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu, akaamua kuwa raia ana haki ya kugombea bila chama. Serikali haikufurahi, na kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba kuufunga mlango ule. Majaji hawa wawili walijua wazi wanaowaudhi. Hakuna aliyeweza kuwapunguzia mshahara mwezi uliofuata, wala kuwafukuza kwa simu.

Kwa hiyo mimi nyumba ya jaji siionei wivu. Jaji anayedaiwa kodi na mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana kesi mahakamani, huyo ndiye wa kuogopa. Nyumba tumemjengea ili asipangishwe na mtu yeyote. Akishaingia humo, tunachomdai ni hukumu ya Mwalusanya, na akitupa hukumu ya woga tuna haki ya kumuuliza nyumba ni ya nini.

Hapo ndipo ningependa hasira yako ihamie, kwa sababu kijiweni mnapiga mawe kwenye bati wakati mlango uko wazi. Mshahara na nyumba haviwezi kumnunua jaji kwa sababu anavyo tayari. Kinachoweza kumlainisha ni kile ambacho bado hajapewa. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60, wa Rufani 65, na Katiba inampa Rais nafasi ya kumwongezea muda. Kupanda kutoka Mahakama Kuu kwenda Rufani ni uteuzi wa Rais. Baada ya kustaafu ziko tume na bodi, nako huteuliwa. Februari 1, 2021, kwenye sherehe ya miaka 100 ya Mahakama Kuu hapa Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Rufani kwa sababu alikuwa ameandika uamuzi kwa Kiswahili. Watu walishangilia. Mimi Kiswahili ndicho ninachokulia ugali, na mwaka huo huo sheria ikabadilishwa kikawa lugha ya mahakama, jambo jema kabisa, na Jaji Galeba mwenyewe sina neno naye. Lakini niliwaza: kama jaji anaweza kupandishwa jukwaani kwa uamuzi uliompendeza Rais, yule aliyekaa safu ya nyuma akiwa na kesi ya serikali mezani amejifunza nini leo? Hilo ni swali la kuulizwa hadharani, na halimtukani mtu. Lipeleke kijiweni Majengo, uone kama hawatakuita Jaji badala ya Wakili.

Na jambo moja limenikera kwenye barua yako, na uliniomba niseme bila haya. Umemchanganya mwanao na watu asiofanana nao kimaisha. Jaji na hakimu ni vitu viwili. Kinga zile za Ibara ya 142 na 110A ni za majaji. Hakimu mkazi ni mwajiriwa wa Tume, anahamishwa kwa barua kama ulivyokuwa ukihamishwa wewe. Je, umewahi kwenda kumtembelea kituoni kwake? Barua yako haikusema. Mahakimu niliowajua mimi walikuwa wanaandika mwenendo wa shauri kwa mkono, neno kwa neno, shahidi akikimbia wanakimbia naye, mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Jioni hawaendi kijiweni, maana kila anayekaa pale ana ndugu mwenye kesi. Dukani hawakopi hata kilo ya sukari. Harusi wakialikwa wanauliza kwanza bwana harusi ni mtoto wa nani. Msichana wa umri wake, peke yake, katika mji mdogo wa Singida, hata rafiki wa kusukana naye nywele anamchagua kwa tahadhari. Watu pekee anaoweza kukaa nao bila kupima maneno ni ninyi nyumbani. Sasa na ninyi mmegeuka wadaawa, watu wenye kesi.

Kuhusu alichokuambia, kwamba watu wanajua wewe ni baba yake, usikisikie kama amri. Mtu mwenye shauri mbele yake akiiona ile status anaweza kusema: huyu hakimu kwao wanaamini mahakama ni wezi, basi naye ataniuza tu. Au mbaya zaidi: baba yake ana njaa, nipitie kwa baba. Subiri, siku moja atakuja mtu Nkuhungu na mfuko wa mchele.

Tukiwa hapo, ucheleweshaji uliokupata ni malalamiko ya kweli na sitaki uyaache. Ibara ya 107A inaiagiza mahakama isicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Usikilizaji ukishafungwa, hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 90. Hakimu aliyekuwa semina kila tarehe yako angeweza kulalamikiwa kwa Hakimu Mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, kwa barua ya ukurasa mmoja. Kwa mwenendo mbaya, yaani ulevi, matusi, upendeleo, kutoonekana kazini, iko Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama ya wilaya, iliyoundwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011, na mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Nakuonya tu kwamba kamati haipindui hukumu. Ukienda kule na hoja ya "nilishindwa," watakurudisha kwenye rufaa. Ukiwa na ushahidi wa rushwa, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana nayo, ni 113 na haikatwi salio.

Rufaa yako yenyewe huenda inakwama kwa jambo la kawaida kabisa: majalada ya mahakama za chini hayajafika. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo linahitaji mwenendo wa kule na wa Wilayani kabla jaji hajaligusa. Andika barua kwa Naibu Msajili, Mahakama Kuu Dodoma. Taja namba ya rufaa, tarehe uliyoisajili, uliza kama majalada yameletwa, na uombe lipangiwe tarehe. Nakala mpelekee msimamizi wa mirathi. Hiyo nakala ndiyo inayoitofautisha na simu ya shemeji yako, na barua hiyo naamini itafanya kazi haraka kuliko msaidizi wa jaji yeyote, kwa sababu itagongwa muhuri na itakaa ndani ya jalada. Kama uandishi wake unakusumbua, watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017 wanasaidia bure, na mwishoni mwa Januari kwenye Wiki ya Sheria mahakama wenyewe wanatoa elimu ya sheria kwa wananchi bila malipo. Nenda pia na hoja ya tangazo. Kama kweli warithi hawakupewa taarifa, hiyo ni hoja nzito kuliko nyumba 48. Jitahidi pia ushinde hapa, maana kutoka Mahakama Kuu kwenda Rufani, shauri la Mahakama ya Mwanzo linataka kwanza jaji athibitishe kwamba lina hoja ya kisheria. Haliendi hivi hivi.

Wazee usisubiri waitwe. Kwa binti yako picha ifute, na kwenye kundi la ukoo uandike mwenyewe kwamba hakuna mtu aliyetumwa wala atakayetumwa kuzungumza na yeyote kuhusu rufaa ile. Iandike hivyo ilivyo, aione yeye na waione wa upande wa pili. Shemeji yako mwambie uso kwa uso, mbele ya dada yake, kwamba namba ya binti haiombwi tena kwa jambo la kesi, ya ukoo wala ya jirani.

Kisha mpigie. Piga baada ya saa kumi na moja jioni, mahakama zikiwa zimefungwa, utumie simu yako na si ya mama yake. Kesi usiitaje kabisa. Muulize anakaa wapi, nyumba ina maji, anapika mwenyewe au anakula kwa mama lishe, na lini ni vizuri wewe na mama yake mkaja kumwona. Akisema "baba, njooni," nendeni na unga wa uwele na karanga za Kondoa, mlale siku mbili. Majirani wakija kukusalimia kwa sababu wewe ni baba wa mheshimiwa, wapokee, uwape chai, na mfuko wowote watakaouacha mlangoni mpe karani aurudishe mbele ya mwenyekiti.